Sanduku la Bati na Tahasusi Mbili

Droo ya tatu ya meza niliyowaachia haifungi vizuri. Msiilazimishe, inyanyueni kidogo upande wa kushoto, itaingia yenyewe. Ndani nimeacha penseli, vichongeo viwili, raba moja iliyotafunwa na panya, na bahasha za kaki zilizoandikwa juu neno moja tu: Jumamosi. Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari nimesikia kwamba mmoja wenu ameuliza kama bahasha hizo zichomwe pamoja na mitihani ya zamani. Naandika haya ili zisichomwe.

Nilifika Handeni nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimekalia godoro langu juu ya lori la mahindi, kwa sababu basi lilikuwa limeharibika Mkata. Barabara ya siku hizo ilikuwa nyekundu, na nilipojitazama kwenye kioo cha ofisi ya walimu nilikuta nimefanana nayo. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia. Mkiniuliza kwa nini nilichagua ualimu, ukweli ni kwamba sikuchagua. Fomu yangu ilijazwa na shangazi yangu, ambaye alipenda namna walimu wa kike walivyoshika mwavuli. Nimeipenda kazi hii tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na bado sijui kama shangazi alikuwa na akili nyingi au mimi nilikuwa na bahati.

Mwalimu wa taaluma alikuwa Mwalimu Mhina, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua la Januari lilipokuwa linapasua vichwa vya watu. Siku yangu ya pili alinikabidhi rundo la fomu za kidato cha nne. Mnazijua: mwanafunzi anaandika tahasusi anayotaka kusoma kidato cha tano, yale masomo matatu, na shule anazotaka kupelekwa, na asipofika huko, chuo anachokitaka. Mistari michache tu, lakini mtu anaweza kuishi ndani ya mistari hiyo mpaka anazeeka.

Nikaingia darasani na kalamu za wino. Nikauliza kama nilivyoulizwa mimi utotoni: unataka kuwa nani? Baada ya nusu saa nilirudi ofisini na fomu zilizojaa, na karibu zote zilikuwa na PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Madaktari watupu. Mwalimu Mhina alizipekua moja baada ya nyingine bila haraka.

“Handeni yetu itapona,” alisema. “Tatizo ni nani atakayeugua, maana watu wote watakuwa zamu.”

Kisha akafungua droo, akatoa boksi la penseli na kunipa. Akanieleza namna anavyofanya yeye. Kwanza, fomu inajazwa kwa penseli mara mbili, kwa wiki mbili tofauti. Wino unakuja mara ya tatu. Pili, kabla ya kugusa fomu, kila mtoto apewe karatasi tupu aandike jambo moja: Jumamosi iliyopita alifanya nini, tangu alipoamka. Alisema mtoto ukimuuliza anataka kuwa nani, atakutajia mtu aliyemwona akishuka kwenye gari zuri. Jumamosi hamuigizi mtu. Tatu, mwalimu asome karatasi hizo zote kabla ya kuweka sahihi yake. “Zote,” alirudia, akinitazama juu ya miwani. “Hata za wale wenye mwandiko wa kuku.”

Niliona ni uzee. Lakini nilikuwa mgeni, nikatii. Kijana mmoja aliyekuwa amejaza kwamba anataka kuwa mchungaji aliandika kuwa Jumamosi nzima alikuwa amejificha nyuma ya choo cha jirani, akiifumua redio ya jirani huyohuyo, na kwamba hajasamehewa. Tulimwita, tukazungumza naye, akafuta. Leo anapanda milimani kutengeneza mitambo ya simu, na Jumapili anahubiri. Kuna watu hawapotezi kitu.

Miaka ilivyokwenda nikajifunza kwamba mtoto anaweza kuongozwa na kitu chochote. Nimeona mmoja akichagua shule kwa rangi ya sweta. Nimeona darasa zima likikimbilia Historia kwa sababu Mwalimu Mhina, aliyeifundisha, alikuwa na vichekesho, kisha likaikimbia alipostaafu. Wapo waliokataa shule za Lushoto kwa sababu ya baridi, na wapo waliozitaka kwa sababu kuna binti fulani naye kazitaka. Wazazi wa mjini walinijia na jina la kozi waliyoisikia redioni. Baba mmoja mfugaji alikuja na fimbo yake, akakaa, akaniambia kwa upole kwamba mwanawe asome chochote ninachoona kinafaa, mradi kiwe cha ng'ombe.

Mwalimu Mhina alipoondoka aliniachia boksi la penseli, na nilipohamia Korogwe nilikwenda nalo. Korogwe ni mji wa stendi. Watu wanapita, na habari zinapita nao, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanajua majina ya vyuo vingi kuliko mimi. Baadaye maombi ya vyuo yalipohamia kwenye mtandao, mshauri mkuu wa vijana wetu akawa bwana mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, mtu mkarimu sana, aliyekuwa akijaza kozi za watu huku akiendelea kutoa fotokopi. Msimu mmoja vijana wangu saba waligundua kuwa wameomba kusomea uvuvi. Nilimfuata. Aliniambia kwa utulivu kwamba nafasi zilikuwepo na mto Pangani upo hapo nyuma. Sita walirekebisha. Wa saba alibaki na uvuvi, na sasa ana mabwawa ya samaki, na kila akiniona ananiuliza kama nimeshamsamehe yule bwana.

Lakini kesi ninayotaka muijue zaidi ya zote ni ya Salome na Hadija, kwa sababu katika kesi hiyo aliyekosea ni mimi.

Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja aliolewa na Mkristo, mwingine na Mwislamu, na mabinti wote wawili walilelewa na bibi yao kwenye nyumba za kambi ya mkonge pale Ngombezi. Hadija aliwahi kuniambia kwamba faida ya ukoo wao ni kuwa pilau la sikukuu haliishi. Walikaa dawati moja, walitumia rula moja, na walipokuja kuchukua fomu walikuja pamoja.

Fomu zao zilirudi zikiwa zimefanana mpaka nukta. PCB, shule ya kwanza ileile, ya pili ileile, ya tatu ileile. Nilizishika juu mbele ya darasa nikawauliza kama maisha nayo wanayanakili kama mazoezi ya nyumbani. Darasa likacheka. Hadija aliinama. Salome alitabasamu kidogo, akasema, “Tumezoea, mwalimu.” Wakajaza hivyohivyo mara ya pili, na mara ya tatu kwa wino, nami nikaweka sahihi.

Mwaka ule tulikuwa tumeletewa kompyuta, na nilikuwa nikishinda mbele ya kioo chake nikijifunza kufuta nilichoandika bila kufuta kila kitu. Watoto waliandika Jumamosi zao kama kawaida. Nikazikusanya, nikazitia kwenye bahasha, nikafunga droo. Sikusoma hata moja. Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimesoma zote, hata za mwandiko wa kuku, na mwaka ule sikusoma.

Matokeo yalipotoka nilifurahi. Hadija aling'ara kwenye Kemia na Baiolojia. Salome aliongoza shule kwa Jiografia na Hisabati, Fizikia vizuri tu, na Baiolojia alipata alama ya kumtosha kupita mlangoni kwa ubavu. Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu wanafunzi kubadilisha machaguo yao kwa mtandao baada ya matokeo, na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilivuja juu ya meza yangu. Nikatoa bahasha zote, nikazianika uwanjani na mawe juu yake, na nikiwa nimechuchumaa pale nikaanza kusoma.

Hadija alikuwa amemsindikiza jirani zahanati, akabaki hadi mchana akiangalia wanavyopima damu. Vizuri. Ya Salome ilikuwa ukurasa mzima na nusu. Mpima ardhi alikuwa amekuja kurudia mipaka ya mashamba ya pembeni mwa mkonge, akahitaji mtu wa kumshikia fimbo ile ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Salome aliishika tangu asubuhi. Aliandika: “Aliniruhusu nichungulie kwenye kifaa chake nikaona mlima wa Lutindi umekuja mpaka puani kwangu. Nilimwuliza anajuaje kama jiwe la mpaka halijahamishwa, akanionyesha hesabu yake. Nilielewa. Nilisahau kula.”

Nilikaa pale uwanjani mpaka karatasi zikakauka. Mtoto huyo alikuwa wa PGM, Fizikia, Jiografia na Hisabati, na alikuwa ameniambia hivyo miezi mingi iliyopita, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumanne nikachukua bodaboda hadi Ngombezi. Niliwakuta wote wawili nyuma ya nyumba, wanafua. Waliponiamkia shikamoo niliitikia nikampa Salome karatasi yake. Aliisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

“Kwa nini hukuandika PGM?” nilimuuliza.

Wakatazamana. Aliyejibu ni Hadija.

“Mwalimu, tranka ni moja.”

Sikuelewa, ikabidi wanieleze. Babu yao alikuja kutoka Songea kukata mkonge akiwa na sanduku la bati kichwani, jina lake limepakwa rangi juu ya kifuniko. Tangu hapo, yeyote anayeondoka nyumba ile kwenda kuanza maisha anaondoka na sanduku hilo, na likizo ya kwanza, au ziara ya kwanza ya mkwe, linarudi. Mama zao waliolewa nalo, miaka miwili tofauti. Mjomba wao alikwenda nalo kazini Arusha. Sasa wao wawili wangeripoti shuleni wiki moja. Wakitaka sanduku liende mara moja, lazima waende shule moja. Na shule ile waliyoitaka wote haikuwa na PGM. Hadija ndiye aliyekuwa na ndoto inayojulikana. Salome alimfuata.

“Bibi amewaambia hivyo?” niliuliza.

“Hajatuambia,” alisema Salome. “Inajulikana.”

Bibi yao alikuwa ndani akichambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuacha maharage. Nilipomaliza alinyanyuka, akavuta kitambaa cha mezani pembeni, na nikaona kuwa kitu nilichodhani ni meza ndicho kilichokuwa sanduku.

“Mwanangu,” aliniambia, “anayetoka hapa bila hili, mimi namhesabu ametoroka. Mume wangu alinikuta hapahapa kambini. Kabla ya kunionyesha mshahara wake alinionyesha hili, na ndani yake kulikuwa na shati moja. Akasema, siku nikijaza, nitarudi kwetu. Hakurudi. Alitujaza sisi.”

Nilisema labda tungenunua la pili.

“La pili litakuwa na nini?” alijibu. “Bati tu.”

Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa chini ya yote. “Hawa hawajawahi kulala nyumba mbili. Nilipoona wameandika shule moja nilimshukuru Mungu. Sikuuliza kwa nini. Unapopewa raha huulizi kwa nini.”

Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni na mikono yenye povu. Nilikumbuka kwamba nimekuja na kitu kimoja tu cha kazi, swali la Mwalimu Mhina, nikakitumia. Nilimwomba Bibi amuulize Salome Jumamosi ile alifanya nini.

Bibi aligeuka. “Ulifanya nini, wewe?”

Salome alianza kwa sauti ya chini. Akaeleza fimbo, akaeleza kifaa, akaeleza jiwe la mpaka lililokuwa limesogezwa hatua mbili na mtu ambaye wote pale walimjua. Alipofika hapo alikuwa ameshasahau aibu. Alichora pembetatu sakafuni kwa kidole chenye maji ili Bibi aone jinsi wizi ulivyogunduliwa. Bibi aliinama kutazama.

“Kumbe yule mzee alikula hatua mbili.”

“Mbili na nusu, Bibi.”

“Nilijua. Miaka yote nilijua, nikakosa pa kusemea.” Akaitazama pembetatu mpaka ikaanza kukauka. “Babu yenu Jumapili alikuwa anatoka kwenda kuhesabu mistari ya mkonge. Hakuna aliyemtuma. Akirudi ananiambia mstari fulani umepinda. Mimi namwambia, baba, upinde tu, wewe kula. Na yeye hakuwa anakula.”

Hadija alikuwa amejiegemeza kwenye kizingiti. “Bibi, mimi naweza kwenda na mfuko wa salfeti,” alisema. “Tranka achukue Salome.”

“Utoroke?” Bibi alimkata. “Kaa kimya nifikirie.”

Alifikiri mpaka maharage yakaisha. Kisha akaniuliza kama Korogwe bado kuna yule fundi wa mabati anayetengeneza ndoo na karai. Nikasema yupo. Akawaagiza wasichana watoe vitu vyote sandukuni, vitambaa, vyeti vya ubatizo, kitabu cha ndoa, picha. Jumatano asubuhi nilikuwa na Bibi mbele ya karakana ya fundi, sanduku katikati yetu kama mgonjwa.

Fundi alipoambiwa anachotakiwa kufanya alikataa kwanza. Alisema bati la namna hiyo halipatikani tena na dhambi hiyo haitaki. Bibi akamwambia dhambi ataibeba yeye, fundi abebe nyundo. Fundi akang'oa bawaba. Kifuniko cha zamani alikiundia sanduku jipya, na sanduku la zamani akalitengenezea kifuniko kipya. Yakawa mawili, kila moja nusu Songea, nusu Korogwe. Bibi aliyagonga yote mawili kwa kidole, akasikiliza, akasema yanatosha.

Ijumaa ilibaki kazi yangu. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, mtandao ukaondoka. Kompyuta ile niliyoipa wiki zangu badala ya karatasi za watoto ilikataa kabisa kunifahamu. Saa nane mchana nilimshika Salome mkono tukaenda stendi, kwa yule bwana wa steshenari, kwa kuwa alikuwa na njia zake za kupata mtandao. Alipoiona sura yangu alifunga mashine ya fotokopi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nilimwambia aingize PGM na asiongeze samaki yeyote. Saa tisa na dakika kadhaa ilikubali. Salome aliomba aone tena kwenye kioo, akaona, akaomba tena.

Waliporipoti, nilikwenda stendi kuwaaga. Hadija alikuwa anapanda kwenda milimani, Salome anakwenda bara, safari ya siku nzima. Nilimuuliza Bibi aliamuaje nani apate kifuniko chenye jina. Akasema amempa anayekwenda mbali. Huyo ndiye watu watamuuliza ni wa nani. Basi la Hadija liliondoka kwanza. Mabinti hawakulia, walikuwa wanabishana kupitia dirishani kuhusu nani amechukua rula. Aliyelia ni fundi wa mabati, aliyekuja kuangalia kama bawaba zinashika.

Tangu mwaka ule sijaacha kusoma hata karatasi moja. Nanyi msiache. Kompyuta zenu ni nzuri, na siku hizi zinanitambua. Lakini hazitawaambia mtoto alisahau kula akifanya nini.

Jumamosi yangu ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja, nikavaa, nikakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Nina shamba dogo nje ya mji wa Handeni ambalo mipaka yake imekuwa ikitegemea mti mmoja na kumbukumbu za jirani. Nilikuwa nimemwomba Salome aje anipimie. Amemaliza chuo juzijuzi. Hadija yupo maabara ya hospitali moja huko milimani na ndiye aliyenipa namba mpya ya Salome. Salome alishuka kwenye bodaboda na sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Kwenye kifuniko jina la babu yake limefifia, herufi tatu tu ndizo zinazosomeka. Ndani kulikuwa na misumari, kamba, daftari, na penseli.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Msaidizi wako yuko wapi?”

“Sina,” alisema, na kunipa fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe. “Nitakuonyesha pa kusimama. Usiinamishe.”

Nikasimama. Akanipungia mkono, kushoto kidogo, kulia kidogo, hapo. Aliniruhusu nichungulie kwenye kifaa chake. Tulizunguka shamba lote, na jirani yangu naye akatufuata nyuma, kimya, kwa sababu zake. Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Kilindi nilipouliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa tisa. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na sikuwa nimekumbuka.

Nimeiandika Jumamosi hiyo kwenye karatasi, kwa penseli, na nimeiambatanisha na barua hii. Iwekeni kwenye bahasha ya juu kabisa. Na mtu aisome kabla ya kufunga droo.